Kabla hujajiita mzazi mbaya, kapime damu

Yupo mzazi anayesoma haya akiwa amejifungia chooni, kwa kuwa ndiko mahali pekee nyumbani kwake penye komeo. Nje mlango unagongwa. "Mama, unafanya nini? Mama, mdogo kamwaga maji." Kama ni wewe, kaa tu. Hayo maji yatakauka.

Uchovu na kule kujiona hufai huja vimeshikana mikono, huwezi kujua kipi kimemzaa mwenzake. Kwangu mimi uchovu ndio uliotangulia, na naamini kwa wengi wetu ni hivyo hivyo. Ile hukumu unayojisomea usiku, kwamba huna uvumilivu, huna upendo, wenzako wanaweza na wewe umeshindwa, inatoka kwenye mwili uliokosa usingizi na pengine uliokosa damu. Anza na mwili. Habari za thamani yako tutazungumza ukishalala.

Naishi Tabata, nafanya kazi ya uhasibu mjini, nina watoto wawili: mmoja yuko darasa la pili, mwingine ana miaka miwili na ushei. Baba yao ni dereva wa malori ya Tunduma. Akitoka leo humwoni mpaka wiki ijayo, na foleni ya mpakani ikikaza, hata hiyo wiki ijayo humwoni. Dada wa kazi alikwenda kwao Singida kula Krismasi akaahidi kurudi tarehe tano. Tarehe tano simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Simlaumu, na sababu yake nitaisema.

Basi la shule linapita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anayeishi Dar anajua sitanii. Maana yake saa kumi uko jikoni unakoroga uji, na sare ambayo haikukauka usiku unaipiga pasi mpaka iache kutoa mvuke. Umpeleke mdogo kwa mama anayelea watoto mtaani, ugombee daladala, ukae kwenye foleni ya Buguruni ukiangalia saa. Jioni urudi upike, uogeshe, ukague madaftari. Saa tatu usiku, ndiyo kwanza umeketi, kundi la WhatsApp la wazazi linalia: "Wazazi wa Darasa la Pili, kesho kila mtoto aje na kiberiti kitupu, gundi na kipande cha boksi." Kiberiti kitupu! Nilimwaga njiti zote kwenye kikombe cha chai, na kile kikombe kilikaa juu ya friji miezi, kila nikikiona nachemka.

Lakini hayo ni uchovu wa kawaida, wa kumalizwa na usingizi. Ninaouzungumzia hapa hauondoki hata ukilala. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wamefanya kazi ndefu juu ya wazazi waliochoka kupita kiasi, na wanaeleza dalili nne: kuishiwa nguvu kwa sababu ya ulezi wenyewe, kujilinganisha na mzazi uliyekuwa zamani ukajiona hufanani naye, kukinai, na kujitenga na watoto kimoyo huku mikono ikiendelea na kazi. Hiyo ya nne ndiyo iliyonitisha. Mkubwa aliniletea daftari, mwalimu kamchorea nyota tatu kwa kalamu nyekundu. Nikasema "Vizuri mwanangu," macho yangu yakiwa kwenye ndoo ya nguo zilizolowekwa. Ndani sikusikia kitu. Si furaha, si hasira, kimya kitupu. Alisimama kidogo na daftari lake, kisha akaenda kumwonyesha mdogo wake, ambaye angalau alipiga makofi.

Watafiti hao na wenzao walitoa mwaka 2021 matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 42. Waliona kwamba hali hii imezidi kwenye nchi ambazo maisha ni ya kila mtu na lwake, hasa za Magharibi. Mtu wa kwetu akisoma hapo anaweza kujipongeza. Asijipongeze mapema. Nyumba nyingi za Dar siku hizi ni geti, mama na watoto. Ukiwa mgonjwa, jirani anajua siku ya tatu.

Ndiyo maana sentensi ya "mabibi zetu walilea watoto tisa na hawakulalamika" inanikera kuliko zote. Bibi yangu wa Muheza alilea wengi kweli. Ila alikuwa na wifi uani, shangazi nyumba ya pili, na mabinti wa miaka minane tisa waliobeba wadogo zao mgongoni kutwa nzima, baadhi yao kwa gharama ya kukosa shule, jambo ambalo kwenye hizo sifa halitajwi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na wao walisema hivyo wakiwa na mikono tele uani. Sisi tumebaki na mmoja, tukaambiwa uvivu.

Sasa damu. Mama yangu alikuja kututembelea mwezi wa tatu. Sikumweleza lolote. Siku ya pili, tukiwa tunachambua mchele, akanishika kidevu akanivuta kope la chini kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hapa ndani mbona peupe?"

"Uchovu tu, mama."

"Uchovu haukaushi macho. Kesho kapime."

Kituo cha afya wakanipima wingi wa damu ikaja 8.7. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke mtu mzima asiye na mimba akiwa chini ya 12 ana upungufu. Tabibu akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: hedhi inakujaje, mchana unakula nini, chai unakunywa saa ngapi. Hedhi ilikuwa nzito tangu nimzae mdogo, nikadhani ndiyo ukubwa. Mchana nilikuwa nakula kilichopatikana, mara nyingi maandazi. Na chai ya rangi nilikuwa naishushia chakula, kumbe chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Yule tabibu aliniambia niisogeze mbele, walau saa moja baada ya kula, na matembele, dagaa au maharage niyale na ndimu au chungwa pembeni.

Akanipa vidonge vya kuongeza damu, vile vile vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito. Nikuonye mapema ili usiviache: choo kinakuwa cheusi na tumbo linaweza kufunga. Kunywa maji. Na viweke juu kabisa, watoto wasivifikie, maana kwao ni sumu. Juisi ya rozela jirani aliniletea kila siku, nikainywa kwa sababu ni tamu, ila vidonge sikuvikatisha, hata nilipojisikia nafuu, kwa kuwa tabibu alisema akiba ya mwili huchukua miezi kujaa.

Sikuamka siku moja nikawa malaika. Ila baada ya wiki kadhaa niligundua napanda ngazi za ofisini bila kusimama katikati, na kwamba mtoto akimwaga uji nafikiria dekio kwanza kabla ya kufikiria kwamba maisha yangu yameharibika. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilikuwa nimejisomea kesi mwaka mzima, kumbe sehemu ya ushahidi ilikuwa kwenye chupa ya maabara.

Kama damu yako iko sawa, usiishie hapo. Uliza kuhusu tezi ya shingo, hasa kama umejifungua ndani ya mwaka, maana nayo huweza kulegea au kwenda mbio baada ya uzazi. Uliza sukari. Na kipimo cha mimba, usicheke.

Baada ya mwili, mzigo. Hapa wengi tunakosea namna ya kuomba. "Nisaidie" ni neno lisilo na mpini, mtu hajui alishike wapi. Baba watoto aliporudi safari, nilikuwa nimeandika nyuma ya kalenda ya shule kila kinachofanyika humu ndani kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, pamoja na vile visivyoonekana: kukumbuka tarehe ya chanjo, kujua viatu vya nani vimebana, kununua luku kabla haijakata. Nikamwambia, "Baba, kaa. Soma mpaka mwisho ndipo uongee." Alisoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hii ya kukata kucha unaifanya saa ngapi?"

Tukagawana. Mojawapo ya niliyomkabidhi ni kundi la wazazi. Anakaa siku nzima kwenye foleni Tunduma na simu mkononi. Nani mwingine ana muda wa kusoma jumbe hizo? Nilijitoa, akaingia yeye. Siku hizi gundi na maboksi vinaagizwa kutoka mpakani: anampigia mwenye duka la mtaani, analipa kwa simu, mtoto anapitia akitoka shule. Wazazi wengine walishangaa kumwona mwanamume mle. Wamezoea.

Najua wapo wasio na baba watoto wa kumpigia, na wapo akina baba wanaolea peke yao ambao hakuna anayewauliza kama wamekula. Kwao, na kwangu pia wakati lori limekwama, kilichofanya kazi ni kubadilishana na jirani. Jumamosi moja wanangu wanashinda kwake mpaka saa saba, inayofuata wake wanashinda kwangu. Sharti nililojiwekea: asubuhi yangu sifui. Nilijaribu kufua mara ya kwanza, nikamaliza nikiwa nimechoka zaidi na nimekasirikia mashuka. Sasa nalala.

Kuna kazi nyingine ambazo dawa yake ni kuzifuta tu. Sipigi pasi chochote kisichokwenda shule wala ofisini. Mama mkwe alipokuja aliona mapazia, akasema neno. Nikaitikia, "Ndiyo mama," na mapazia yakabaki vile vile.

Kwa anayenyonyesha na ameajiriwa: likizo ya siku 84 kila mtu anaijua, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa pia haki ya kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wengi hatuiombi kwa kuona haya. Iombe kwa maandishi.

Sasa ile hukumu ya usiku. Sijaweza kuinyamazisha, nimeiwekea saa za kazi tu: kuanzia saa mbili usiku sisikilizi kesi yoyote inayonihusu. Mawazo yakija kwamba mimi ni mama wa hovyo, nayaahirisha mpaka kesho saa nne, nikiwa nimekula. Mengi hayatokei mahakamani. Yanayotokea, yale yenye ukweli, huwa madogo na yana majina: nimsikilize mkubwa akileta daftari, nisishike simu tukila. Hayo yanatendeka. "Mimi ni mama wa hovyo" halina la kutendwa. Na picha za keki za ghorofa tatu kwenye status za watu nimezizima kwa muda. Mwenye keki hajaniudhi, ila mimi saa hizo sina ngozi ya kuzitazama.

Lakini kuna usiku ambao hauahirishwi. Kama kwa wiki mbili mfululizo hakuna kinachokupa raha, hulali hata watoto wakilala, au umeanza kuwaza kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila wewe, hiyo si kazi ya kalenda wala ya jirani, ni ya hospitali, na uende leo. Kwetu mtu akisikia afya ya akili anaiona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, moja kwa moja, anaogopa jina. Huanzii huko. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, umwambie nesi wazi, "Sitaki kuishi," au "Naogopa nitamwumiza mtoto." Usilipambe, usiseme kichwa kinauma. Na kama mkono unakuwasha saa hii hii, mweke mtoto mahali salama hata kama analia, toka nje ya chumba, umwite mtu. Mtoto kulia dakika chache kitandani kwake hakumdhuru.

Nilisema nitamrudia yule dada wa Singida. Alikuwa akiamka saa kumi pamoja na mimi, akilala baada yangu, hana siku ya mapumziko, na mshahara wake ulingoja ada za shule zilipwe kwanza. Ningekuwa yeye, nami nisingepatikana kwa simu. Wafanyakazi wa nyumbani wamo kwenye amri ya kima cha chini cha mshahara kama waajiriwa wengine, na kuisoma kunachukua muda mfupi kuliko foleni ya Buguruni. Tumempata binti mwingine mwezi wa sita. Analipwa tarehe yake, na Jumapili yote ni yake. Anatoka asubuhi na kanga yake ya kwaya, anarudi jioni. Siku hiyo madaftari na sare ni vya baba watoto akiwepo. Akiwa Tunduma, tunakula kiporo, na sare zinapigwa pasi zikiwa mbichi.