Kabla ya Kutaja Bei, Uliza Picha Itatumika Wapi

Wapiga picha wengi wa Dar es Salaam, nami nikiwa mmoja wao, tumeanzia kwenye shughuli: harusi, sendofu, kicheni pati na mahafali. Huko mtu hulipwa kwa siku, na kazi huisha albamu inapokabidhiwa. Anayetaka kuhamia kwenye picha za biashara, yaani picha za bidhaa, vyakula, hoteli, viwanda na watu wanaoonekana kwenye matangazo, mara nyingi huenda na mazoea hayohayo. Mteja anapopiga simu na kuuliza, "Siku moja ni shilingi ngapi?", anatajiwa bei papo hapo. Ushauri wangu kwa vijana wanaoingia katika kazi hii ni kwamba swali hilo lisijibiwe kabla hamjauliza la kwenu: picha hizi zitatumika wapi, kwa muda gani, na katika nchi zipi?

Majibu yake ndiyo yanayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Bango la barabarani hulala kwa upana, wakati tangazo la simu husimama wima, na picha iliyobanwa kwa ajili ya moja haikatiki vizuri kwa ajili ya jingine. Wakala wa matangazo atahitaji nafasi tupu ya kuweka maandishi na nembo, na nafasi hiyo huachwa wakati wa kupiga. Hata ukubwa wa faili unategemea matumizi. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, hutoa ukubwa wa takriban sentimita 51 kwa 34, ambao unatosha kwa kalenda ya ukutani. Bango kubwa, kwa kuwa hutazamwa kutoka mbali, huchapishwa kwa nukta chache zaidi kwa kila inchi, na faili lilelile linaweza kulitosheleza. Mpiga picha anayeyajua hayo mapema hahangaiki kukodi kamera ya gharama kubwa isiyohitajika.

Baada ya majibu hayo huja maandalizi, ambayo mteja hayaoni na kwa hiyo hufikiri hayapo. Chukua mfano wa chupa ya soda ya kioo, kazi inayoonekana rahisi kuliko zote. Chupa za kwenye kreti hurudi kiwandani, huoshwa na kujazwa tena, na katika safari hizo hugongana mpaka zikapata mkanda mweupe wa michubuko kwenye mabega na karibu na kitako. Dukani hakuna anayeujali mkanda huo, lakini kwenye picha kubwa jicho huufikia kabla ya kulifikia jina la soda. Kwa sababu hiyo, siku chache kabla ya kazi humwomba mteja chupa mpya ambazo hazijawahi kuingia sokoni, na tangu zinapotolewa kwenye boksi tunazishika kwa glovu za pamba ili alama za vidole zisibaki.

Matone ya ubaridi unayoyaona kwenye matangazo ni mchanganyiko wa maji na gliserini kwa vipimo sawa, unaonyunyizwa taratibu kwa kinyunyizio kidogo, kwa sababu maji matupu huchuruzika au kukauka kabla taa hazijapangwa. Nyuma ya chupa huwekwa kadi nyeupe iliyokatwa kwa umbo la chupa yenyewe lakini ndogo kidogo, ili mwanga urudi kupitia kinywaji na rangi yake iwake kutoka ndani. Taa ya pembeni hupitishwa kwenye kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu, ili kioo kiakisi mstari mmoja mrefu na safi badala ya doa kali la taa. Picha moja ya namna hiyo inaweza kumaliza nusu siku, na mteja aliyezoea kuona mamia ya picha za harusi zikipigwa kwa saa chache anastahili kuelezwa hivyo mapema, kwa upole na kwa maandishi.

Kwa upande wa chakula, msimamo wangu ni kwamba kilicho kwenye picha kiwe kilekile kinachouzwa. Mpishi huombwa sahani mbili za pilau: ya kwanza hukaa mezani tukipanga taa, na ya pili huletwa ikiwa bado inafuka, wakati kila kitu kiko tayari.

Kazi za nje zina bwana mwingine, ambaye ni jua. Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, na jua letu hupanda kwa kasi na karibu wima; mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba hupita utosini kabisa. Mwanga laini wa asubuhi hudumu muda mfupi, na ikifika saa tatu tayari macho ya watu yamegeuka mashimo ya kivuli. Ninapopiga picha za jengo au za wafanyakazi nje, timu hufika kukiwa bado na giza, taa zinapangwa saa kumi na moja alfajiri, na picha muhimu zinakuwa zimekamilika kabla ya saa mbili. Baada ya hapo tunahamia ndani au kwenye kivuli, kisha tunarudi nje saa kumi na moja jioni. Ratiba hiyo iandikwe kwenye makubaliano, kwa sababu meneja atakayefika saa nne akiwa amevaa suti yake anahitaji kujua kwa nini haitafaa kumsimamisha kwenye uwanja wa kiwanda.

Kuhusu ngozi zetu nyeusi, ninasisitiza jambo moja. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi hupauka. Mtu huyohuyo akivaa kanzu nyeupe inayotawala picha, kamera hupunguza mwanga na uso huzama. Pima mwanga unaoanguka usoni kwa kipimo cha mkononi au tumia kadi ya kijivu, halafu weka taa kubwa na laini pembeni ili ngozi iuakisi mwanga na umbo la uso lionekane. Watu wetu wamepigwa picha zisizowatendea haki kwa muda mrefu mno, na kurekebisha hilo ni sehemu ya kazi yetu.

Swali la matumizi linarudi tena kwa watu wanaoonekana kwenye picha. Kila mmoja asaini fomu ya ridhaa inayotaja mahali na muda wa matumizi, na kwa mtoto asaini mzazi au mlezi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, wateja wakubwa wameanza kuziomba fomu hizo, lakini hata bila sheria mama muuza matunda wa Kariakoo ana haki ya kujua kwamba uso wake utatangaza benki. Ridhaa ya kupigwa picha haimaanishi ridhaa ya kuwekwa kwenye bango.

Jioni, kabla ya mtu kuoga, picha hunakiliwa kwenye diski mbili, na nakala ya tatu huwekwa mahali pengine nje ya studio. Kama picha zitachapishwa, mwombe mteja nakala ya majaribio kutoka kwa mchapaji, kwani wino wa rangi 4 hauwezi kutoa kila kijani na kila buluu inayong'aa kwenye skrini. Vifaa navyo virudishwe kwenye boksi lenye mfuniko unaobana na pakiti za kunyonya unyevu, kwa maana hewa ya Pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukungu ukishakula kioo, fundi hawezi kuurudisha ubora wake.

Sasa bei inaweza kutajwa. Katika profoma, yaani ankara ya makadirio anayopewa mteja kabla ya kazi, tenganisha maandalizi, siku ya kupiga, wasaidizi, vifaa, uhariri na, katika mstari wake wenyewe, haki ya matumizi. Picha ya ukurasa wa mtandaoni kwa miezi 6 na picha ya mabango ya nchi nzima kwa miaka 2 zinaweza kupigwa kwa saa zilezile, lakini thamani yake kwa mteja si moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha, ila mkataba ndio utakaosema waziwazi nani anamiliki nini, kwa hiyo usianze kazi bila mkataba, wala bila malipo ya awali, ambayo mimi huyataka yawe nusu. Anayeahidi kukulipa kwa kukutangaza umjibu kwa heshima kwamba huduma hiyo huiuzi. Na utakapolipwa, kumbuka kwamba kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma: kwa ankara ya shilingi 2,000,000 utapokea 1,900,000. Dai hati ya kodi hiyo siku hiyohiyo, kwa sababu bila hati utashindwa kuzipunguza hizo 100,000 kwenye kodi yako ya mwaka.

Haki ya matumizi ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo iingie kwenye kalenda yako siku mkataba unaposainiwa. Mwezi mmoja kabla yake, mwandikie mteja barua fupi ukimuuliza kama ataendelea kuitumia picha, na uambatanishe bei ya kuongeza muda. Wengi huendelea, kwa kuwa kupiga upya ni ghali zaidi. Katika miezi ya masika, mvua zinapofuta kazi za nje, barua hizo huniletea sehemu nzuri ya kipato cha studio yangu.