Blowa ya hita inagoma ikitaka: usinunue mota kabla hujapima

Mkubwa nimekusoma. Pickup ni Datsun 1200, blowa ya hita (ile feni ya kusukuma upepo wa moto) siku zingine inafanya zingine inagoma, ukiruka bampu inaamka, fyuzi iko sawa, na fundi ashakwambia mota imekufa utafute ingine. Shikilia hio pesa kwanza. Mimi nilisikiliza fundi nikaenda Grogan, pale Nairobi kwa spea za gari, nikanunua mota, ikafungwa, nikafurahi siku mbili, ya tatu ikaanza mchezo ule ule.

Yangu ni Hilux ya 1985. Wakati huo ilikuwa inabeba viazi kutoka Kinangop kuleta Marikiti, soko la Nairobi, na kama unajua hio biashara unajua saa tisa usiku uko barabarani, manake ukifika jua limetoka umekuta bei ya wengine. Sasa Julai, pale Kimende njiani, ukungu uko nje na ukungu uko ndani, watu wawili wanapumua, magunia yamelowa, kioo hakioni. Maji ya hita yalikuwa moto kabisa, shida ni hakuna upepo wa kuyaleta kwa kioo. Mpwa wangu alikuwa anakata kiazi anasugua kioo kwa ndani, akaambiwa na nani sijui, na ilikuwa inasaidia kama dakika kumi hivi alafu tunarudi pale pale.

Sasa sikiza. Fundi alichomoa plagi ya mota akaweka mita ya volti, ikasoma 12, akasema "unaona umeme unafika, mota ndio mbovu". Hapo ndio nilipotezwa. Mita haivuti umeme wa maana, ata waya ikiwa imebaki na uzi mmoja mita itasoma 12 na kitu. Ni kama mfereji wetu hapa Nairobi, umefungwa unadhani presha iko, ufungue sasa ndio uone kama ni maji ama ni kudondoka. Ukitaka kujua ukweli pima mota ikiwa imeunganishwa na swichi iko kwa spidi ya juu kabisa, unachomeka ncha za mita nyuma ya plagi bila kuichomoa.

Nilivyofanya mimi baada ya kuchoka: injini inanguruma, nikapima betri yenyewe, 13.9. Nikapima waya mbili za mota, 8.6. Sasa hizo volti tano na kitu zimeenda wapi? Hazipotei, kuna mahali zinaliwa. Nikatafuta waya ndefu, nikaweka ncha moja ya mita kwa pozitivu ya betri na ingine kwa waya ya pozitivu pale kwa mota, blowa bado imewashwa, ikasoma 0.4, hio ni sawa kwa gari ya umri huo. Nikahamia upande wa pili, kutoka waya ya negativu ya mota hadi negativu ya betri, ikasoma 4.9. Jumlisha mwenyewe, inafika 13.9 kamili. Kwa hivyo mwizi ako upande wa athi, yaani njia ya kurudi negativu ya betri, na mota haina makosa yoyote.

Kwa Hilux yangu swichi ya blowa iko upande huo wa athi, yaani mota inapata pozitivu moja kwa moja na swichi inakata negativu. Gari zingine ni kinyume, swichi inakata pozitivu, kwa hivyo yako ifuate kwanza waya kwa waya ujue iko upande gani kabla hujaanza kulaumu chochote. Mimi nikatoa dashbodi pale mbele, nikapata konekta ya nyuma ya swichi. Hio plastiki ilikuwa nyeupe ikitoka kiwandani, mimi nilikuta rangi ya ukoko wa ugali, tundu moja limepanuka limeyeyuka, na pini yake ni nyeusi, ukiishika inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Ndio maana bampu ilikuwa inaiamsha! Pini inaguswa kidogo, blowa inalia, baada ya kilomita mbili inaachia tena.

Na hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa, wanasema "lakini fyuzi ni nzima". Fyuzi inaungua umeme ukizidi. Mahali pabaya kama hio pini panapunguza umeme, hapauongezi, kwa hivyo fyuzi itakaa hapo imetulia huku konekta inapikika. Piga hesabu: volti karibu tano mara ampi saba hivi ni zaidi ya wati 30, na bulbu ya indiketa ni wati 21. Umeweka moto unaozidi bulbu ya indiketa ndani ya kaplastiki kadogo kama kucha ya kidole gumba, iyeyuke isiyeyuke?

Usisugue tu na msasa ukarudisha. Mimi nilifanya hivyo kwanza (uvivu) na ikadumu wiki moja, manake pini ikishapata joto hivyo chuma kinakosa spring, haibani tena. Nilikata waya nyuma mpaka nikapata shaba inayong'aa, karibu sentimita tano, shaba nyeusi haishiki solda ata ukiomba, nikanunua konekta nzuri iliyokatwa kwa gari mtumba na pini mpya, nikabana vizuri. Betri toa negativu kabla ya kuingiza mikono huko nyuma, tafadhali.

Alafu nikajiuliza kwa nini iliyeyuka. Hio Hilux ilikuwa inalala chini ya mjakaranda miaka, na nilipofungua mota ya zamani nilikuta majani yamejaa kwa ile feni ya duara mpaka imekuwa kama kiota, na bushi inayoshika ekseli ya mota imekauka. Mota ikizunguka kwa shida inavuta ampi nyingi kuliko kawaida, na joto lote linaenda kwa kiungo kilicho dhaifu zaidi. Nikatoa majani, matone mawili ya oili kwa bushi, nikapangusa komuteta (ile shaba ya duara inayoguswa na kaboni) na msasa laini, kaboni zenyewe, zile zinazopitisha umeme kwa mota, zilikuwa bado ndefu, nikairudisha. Hio ya zamani ndio iko kwa gari mpaka sai. Ile mpya ya Grogan iko kwa kabati, mke wangu huniuliza kila tukihama nyumba.

Kwa yako usianze na dashbodi, anza na hii ya dakika tano. Chukua kipande cha waya nene, washa blowa spidi ya juu ikiwa imegoma, gusisha waya kutoka negativu ya mota hadi negativu ya betri. Ikiamka, shida iko upande wa athi, kwa yako inaweza kuwa ni skrubu moja ya bodi imeshika kutu chini ya rangi. Haijaamka? Rudi upande wa pozitivu, na kwa gari za umri wa Datsun yako ningeangalia boksi la fyuzi kabla ya kitu kingine, zile klipu za fyuzi za kioo zinalegea na kupata ukungu wa kijani, fyuzi ni nzima lakini haijashikwa. Izungushe kwa vidole ikiwa imewashwa, ukisikia blowa imestuka umeipata. Na ukigonga mota kwa mpini wa bisibisi ikaanza, hapo nitakubaliana na fundi wako, hizo ni kaboni zimeisha, ingawa ata hizo mafundi wa kurewaindi (kusuka upya waya za mota) wanabadilisha bila kuuza mota nzima.

Mwingine hapa alisema yake inafanya spidi ya juu peke yake, za chini zote zimekufa. Hio si shida yako, hio ni rezista, kile kifaa cha kupunguza umeme wa mota. Spidi za chini zinapita kwa rezista, ya juu inairuka. Angalia tu imefungwa wapi, manake inatakiwa kukaa ndani ya njia ya upepo ndio ipozwe, nimeshaona moja imening'inizwa nje na waya kwa sababu tundu lake lilikuwa limevunjika, na mwenyewe anashangaa mbona zinaungua kila mwezi.

Kuhusu kuongeza rilei (swichi inayovutwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi), ndio, ni kitu kizuri kwa gari ya zamani, lakini baada ya kurekebisha si badala ya kurekebisha. Kwa gari ambayo swichi inakata negativu kama yangu, namba za pini ziko kwa rilei yenyewe: waya ya milimita 2.5 mraba kutoka pozitivu ya betri, fyuzi ya ampi 15 karibu na betri, iingie 30, itoke 87 kwenda kwa mota, ile waya ya zamani iliyokuwa inalisha mota sasa iamshe 86, 85 iende athi. Ignisheni yako itakushukuru, manake itabeba umeme kidogo sana wa kuvuta rilei peke yake. Na yule aliyekushauri ufunge fyuzi na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara muulize kama ako tayari kukununulia pickup ingine.

Pima leo jioni uniletee namba tatu: betri, waya mbili za mota, na negativu ya mota hadi negativu ya betri, zote injini ikiwa imewashwa na blowa iko juu kabisa. Na uniambie swichi iko upande gani.