Kijiweni wanacheka, ukumbini kimya

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 24, fundi simu hapa Morogoro. Kijiweni kwetu nikifungua mdomo watu hushika mbavu, na wenzangu ndio walionishauri niingie kwenye uchekeshaji wa jukwaani. Mwezi uliopita mshereheshaji mmoja alinipa maiki katika sherehe ya kumuaga bibi harusi. Nikasimulia visa vilevile vya kijiweni, lakini ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia vijiko vikigonga sahani. Nilikosea wapi, na mtu asiye na kundi wala mwalimu anaanzaje?

JIBU: Marahaba. Kimya hicho nakifahamu. Mara yangu ya kwanza kushika maiki, mzee mmoja wa meza ya mbele alimwuliza mwenzake kwa sauti kama wali umeshaanza kupakuliwa, na swali lake ndilo lililopata kicheko pekee usiku ule.

Kosa lako halikuwa ubutu wa visa. Kijiweni wasikilizaji wanamjua huyo unayemtaja, wanalijua deni lake na namna anavyotembea, kwa hiyo ukisema nusu ya sentensi wao huimalizia vichwani mwao. Ukumbini hakuna anayemjua, na kila kinachohitajika ili kicheko kitoke lazima ukilete wewe mwenyewe kwa maneno machache. Isitoshe, wengi wetu tulijifunza kucheka kwa kuwatazama Ze Comedy na marehemu King Majuto, ambao vichekesho vyao ni vya maigizo: kuna mavazi, kuna kamera, na kuna mwenzako wa kukupokea ukiteleza. Anayesimama peke yake na maiki ana maneno tu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi hii huanzia kwenye daftari.

Chukua mfano huu, ambao nakuruhusu uuchezee upendavyo. Katika rasimu ya kwanza mtu ataandika: “Mwenye nyumba wangu huja kuomba kodi kila tarehe mosi alfajiri, utadhani yuko kwenye ibada.” Wazo lipo, lakini neno “kodi” limetoka mapema mno na siri imevuja kabla ya wakati wake. Sasa lipange upya: “Mwenye nyumba wangu ni mtu wa ibada. Kila tarehe mosi, jogoo hajawika, ameshasimama mlangoni kwangu, anaomba kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Anaomba miezi mitatu ya kodi.” Kiswahili kimekusaidia, kwa kuwa anayesali anaomba na anayedai kwa upole naye anaomba, kazi yako ni kumwacha msikilizaji aishike maana ya kwanza hadi mwisho kabisa, kisha umpe ya pili. Baada ya “kodi” usiongeze hata neno moja. Wanaoanza wengi hujiharibia hapo, kwa sababu wanaogopa ukimya wa sekunde moja, wakaanza kufafanua au kucheka wenyewe, na kicheko kilichokuwa njiani kikakatishwa.

Andika visa vya namna hiyo hadi upate dakika tano, usizidishe, kisha visome kwa sauti ukiwa umesimama, kwa maana sentensi inayopendeza machoni inaweza kukukata pumzi mdomoni. Ukipanda jukwaani rekodi kwa simu yako (fundi simu hana kisingizio) na siku ya pili usikilize ukiwa na daftari mkononi. Palipokuwa na ukimya, kata maneno au hamisha neno linalochekesha liende mwisho. Kisa kikikataa katika hadhira tatu tofauti, kiweke kando bila huruma.

Kuhusu mahali pa kuanzia, sherehe za harusi ziache kwanza, kwa sababu waalikwa wamekuja kwa ajili ya bibi harusi na pilau, nawe unawachelewesha. Tafuta hafla ya chuo, mkutano wa vijana au usiku wa mashairi, mahali ambapo watu wamekaa tayari kusikiliza. Majukwaa makubwa kama Cheka Tu ya Dar es Salaam, au Churchill Show ya Nairobi iliyompa Eric Omondi umaarufu, ni ya kwenda ukiwa na visa vilivyokwisha kupimwa kwingine.

SWALI: Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Je, naweza kuwatania Wazaramo jukwaani kama tunavyotaniana nyumbani?

JIBU: Unaweza, ila kumbuka kwamba utani ni ruhusa ya pande mbili. Mtani anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote hafukuzwi na wafiwa, kwa sababu desturi inamjua na wao wanamjua. Ukumbini wamo pia watu wa makabila yasiyo na utani nanyi, nao wakisikia Mzaramo anasemwa bila kujua uhusiano wenu watadhani ni matusi. Anza kwa kujitaja kuwa Mnyamwezi, jiseme wewe na kabila lako kwanza, ndipo uwageukie watani. Wakikujibu kwa kelele kutoka kwenye viti vyao, shusha maiki uwaache wamalize.