Unaandika hadithi ya mapenzi? Tazama kwanza kuta za Yeriko zinavyoanguka

Vijana wanaoniletea miswada ya michezo ya redio na filamu fupi hukwama mahali pamoja: mwishoni. Wapendanao wameshagombana, wameshapatana, na sasa mwandishi hajui awapeleke wapi. Basi anawakumbatisha, anampa mmoja hotuba ndefu ya msamaha, anaweka muziki, anaandika MWISHO. Ninachowaambia siku zote ni hiki: tafuteni It Happened One Night, filamu ya Marekani ya mwaka 1934, muitazame yote, kisha mrudie sehemu ya mwisho mkiwa na kalamu mkononi.

Wengine hununa wakisikia ni picha ya zamani, tena isiyo na rangi. Nawaomba wavumilie. Iliongozwa na Frank Capra, na muswada uliandikwa na Robert Riskin kutokana na hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams. Ndiyo filamu ya kwanza kuzoa Oscar zote tano kubwa: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya mwigizaji wa kiume, ya mwigizaji wa kike na ya muswada. Lakini tuziache tuzo. Mimi naipenda kwa sababu ya blanketi.

Ellie Andrews, anayechezwa na Claudette Colbert, ni binti wa tajiri. Ameolewa na rubani mwenye majivuno, King Westley, bila ridhaa ya baba yake. Baba anamzuia ndani ya boti yake ya kifahari huko Miami, binti anajirusha baharini, anaogelea hadi nchi kavu na kupanda basi la kwenda New York. Kwenye basi anakutana na Peter Warne, yaani Clark Gable, mwandishi wa habari aliyetimuliwa kazini. Peter anamtambua na wanapatana: atamfikisha kwa mumewe, naye Ellie atampa habari hiyo aiandike.

Usiku mmoja safari inakatika, na fedha walizonazo zinatosha chumba kimoja tu katika vibanda vya wasafiri kando ya barabara. Peter anafunga kamba katikati ya vitanda viwili na kutundika blanketi. Hizi ni kuta za Yeriko, anamwambia. Huenda si nene kama zile alizoziangusha Yoshua, ila ni salama zaidi, kwa sababu yeye Peter hana tarumbeta.

Shikeni neno hilo. Hana tarumbeta. Mtazamaji anacheka na kusahau, lakini Riskin hasahau. Msomaji yeyote aliyekaa kwenye shule ya Jumapili anakumbuka Yoshua sura ya 6: siku saba za kuzunguka mji, makuhani na tarumbeta zao za pembe za kondoo, watu wakapiga kelele, ukuta ukaanguka. Kwa mzaha wa sentensi chache mwandishi ameshatuahidi kwamba ukuta huu nao una siku yake, na hata ametuonyesha kitakachouangusha. Kilichobaki ni kutusubirisha.

Na anatusubirisha kwelikweli. Wawili hawa wanapendana njiani, kisha kila mmoja anaamini ameachwa na mwenzake. Ellie anarudi kwa baba yake, na harusi kubwa na Westley, safari hii kwa ridhaa ya baba, inapangwa nyumbani kwao. Hapo ndipo linakuja tukio ambalo huwa nalirudia darasani kuliko yote. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti yake. Peter anamwendea, na baba anadhani amekuja kudai zawadi hiyo. Badala yake Peter anatoa hesabu: fedha taslimu dola 8.60, koti 15, sanduku la nguo 7.50, kofia 4, mashati matatu 4.50. Jumla dola 39.60. Vitu hivyo aliviuza ili anunue petroli ya kumsafirisha binti. Hataki senti zaidi.

Fikirieni mwaka wenyewe. Ni 1934, Marekani imo katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, na mtu asiye na kazi anaacha dola 10,000 mezani ili alipwe bei ya mashati yake. Baba mtu anaelewa papo hapo. Anamuuliza kama anampenda binti yake, anambana mpaka Peter anakiri kwa hasira, kama mtu anayekiri ugonjwa. Kisha, akiwa anamsindikiza binti kwenda kwa bwana harusi, mzee ananong'ona habari za zile dola 39.60, na kwamba gari linamngoja langoni. Mbele ya wageni wote bibi harusi anakimbia, shela ikipepea nyuma yake.

Miswada mingi ninayoletewa ingefika hapa na kutupa busu. Mimi huwauliza wenye miswada: mhusika wako amegharamika nini? Kama ni nauli, andika nauli. Kama aliuza simu, tuambie aliiuza kwa bei gani. Risiti ikiwekwa mahali pake, neno “nakupenda” mnaweza kulifuta na hakuna atakayeliulizia.

Sasa tukio la mwisho lenyewe. Baba yuko ofisini, anapokea telegramu inayolalamika kwamba ndoa ya zamani inachelewa kubatilishwa, na kuta za Yeriko zinatikisika. Anajibu: ziache zianguke. Halafu tunapelekwa usiku kwenye vibanda vingine vya wasafiri. Mume na mke wenye vibanda wamesimama nje wakishangaa wageni wao. Mke ana shaka kama wameoana kweli. Mume ameiona hati ya ndoa. Wameomba kamba na blanketi, usiku wa joto namna hii! Tena wamemtuma dukani awanunulie tarumbeta, lile la kuchezea watoto. La nini? Wote wawili hawajui. Mlio unasikika, blanketi linadondoka sakafuni, taa inazimwa.

Peter na Ellie hawaonekani kabisa. Gable na Colbert, nyota wakubwa, wamewekwa nyuma ya mlango, na maneno ya mwisho wamepewa watu wawili wasiojua chochote. Sisi tunajua, wao hawajui, na furaha yote imo katika pengo hilo. Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwepo tangu 1930, ingawa zilianza kusimamiwa kwa ukali katikati ya 1934, baada ya filamu hii kutoka. Hata hivyo siamini kwamba waliwaficha kwa kuogopa wakaguzi tu. Ukuta ulikuwa wa wawili hao tangu mwanzo, na ingekuwa utovu wa adabu sisi kuingia ndani. (Watazamaji wa Dar es Salaam wana faida yao: kwetu matarumbeta humsindikiza bibi harusi barabarani, kwa hiyo mlio ule unawagusa mara mbili.)

Msichana mmoja katika kundi langu alikuwa na hadithi ya dereva wa bodaboda na muuza chipsi, iliyoishia na hotuba kando ya kitanda cha hospitali. Ukurasa wake wa pili tayari ulikuwa na kitu kizuri: dereva ana helmeti moja na hamwazimi abiria yeyote. Baada ya kuitazama filamu aliifuta hospitali nzima. Sasa madereva wenzake wako kijiweni wanabishana kwa nini jamaa ametumia hela ya oili kununua helmeti ya pili, tena nyekundu. Hakuna kati yao anayepata jibu, na hadithi inaishia kwenye ubishi huo. Tulipoisoma kwa sauti watu walipiga makofi kabla hajamaliza sentensi ya mwisho.

Kwa hiyo kabla ya kubuni mwisho, rudini kurasa za mwanzo mkakague vitu vidogo mlivyoviacha pale kwa mzaha: kofia, deni, jina la utani, kitu ambacho mhusika alisema hana. Chochote kinachozaliwa katika ukurasa wa mwisho, iwe ajali, urithi au ndugu aliyerudi kutoka Ulaya, kiondoeni hata kama mnakipenda. Mkinitumia muswada tena, andikeni pembeni tarumbeta lenu liko ukurasa wa ngapi. Nitaanzia kusoma hapo.