Jengo limemgeukia nani? Maswali yenu kuhusu majengo ya kale

Safu iliyopita kuhusu magofu imeniletea maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua matano. Walioniuliza dhahabu ilifukiwa wapi wanisamehe. Ningejua, nisingekuwa naandika safu.

Nilifika Lamu kwa mara ya kwanza. Nje nyumba za mawe ni kuta tupu, ndani mapambo hadi karibu na dari. Walikuwa wakificha mali? (Msomaji, Morogoro)

Kuficha silo neno lake. Neno lake ni sitara. Nyumba kubwa ya Lamu ya karne ya 18 imepangwa kwa kufuata nani afike wapi. Mgeni asiye wa nyumba huishia dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, penye baraza za mawe. Akikaribishwa zaidi, anafika kiwandani, ua wa wazi. Kisha kuna msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, halafu chumba kiitwacho ndani, na kila sakafu imeinuka kidogo kuliko iliyotangulia. Unaingia huku unapanda, wala huhisi. Zidaka, vile vishubaka vya chokaa iliyochongwa vilivyopangana ukutani, viko huko mwisho, upande wa mama wa nyumba, na humo ndimo zilimopangwa sahani na bakuli za Kichina.

Mimi nikitaka kujua watu wa zamani walitukuza nini, sianzi na ukubwa wa jengo. Natazama fundi alimwaga jasho wapi, na nani aliruhusiwa kuiona kazi yake. Lamu boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuzidi upana wa mita tatu hivi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutamba kwa ukumbi mpana. Uungwana ulidhihirika kwa wachache waliovuka kiwanda. Na tukumbuke kuwa neno hilo kinyume chake ni utumwa. Nyumba hizi zilikuwa na vyote viwili.

Nasikia hekalu la Parthenon kule Athens, linalosifiwa kuwa kamilifu, limepinda. Ni kweli? (Mwanafunzi, Nairobi)

Limepindishwa, tena kwa makusudi. Lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, wasanifu wakiwa Iktinos na Kallikrates. Jukwaa lake limeinuka katikati kama sentimita 6 upande mfupi na 11 upande mrefu. Nguzo zimeinamia ndani kidogo na kila moja imetuna kiasi, kama inausikia uzito wa paa. Wapo wanaosema ni kusahihisha makosa ya jicho, wapo wanaosema ni kulipa jiwe uhai. Mimi niko na hawa wa pili: ukilichora upya kwa rula, linakuwa ghala.

Lakini lilinganishe na Lamu. Madhabahu ya ibada yalikuwa nje, na raia walikusanyika nje. Ndani alikaa mungu wao Athena, sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu iliyotengenezwa na Pheidias. Kwa hiyo uzuri ulitazama mji, na mji ulitaka kuonekana wenye kipimo na utulivu. Kuonekana, nasema. Hazina ya shirikisho la miji ya Kigiriki ilikuwa imehamishiwa Athens mwaka 454, na wapo Waathene waliolalamika wakati huohuo kwamba mji unapambwa kwa fedha za washirika. Ule weupe tunaousifia nao ni wa bahati mbaya, maana sanamu zake zilipakwa rangi.

Eti Kilwa palikuwa na bwawa la kuogelea? (Msomaji, Lindi)

Lilikuwepo, la pembe nane, katika jumba la Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari. Jumba hilo lenye vyumba zaidi ya mia ni la Sultan al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, na inaelekea halikuwahi kumalizika. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta sultani huyo mwaka 1331. Cha ajabu, alichokisifu zaidi ni ukarimu wake: fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa baada ya sala ya Ijumaa, naye akaenda akabadili, akampa. Sultani huyohuyo aliambatanisha na makazi yake ua mpana wa bidhaa. Ukarimu na ghala, ukuta mmoja. Wapwani hatushangai.

Mwalimu wangu wa zamani alitufundisha kuwa Great Zimbabwe ilijengwa na wageni kutoka kaskazini. Alikosea? (Msomaji, Lubumbashi)

Alikosea, na hakuwa peke yake. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kuwa ni kazi ya Waafrika, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929, lakini watawala wa Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa na wakoloni, hawakutaka kusikia. Waliojenga ni mababu wa Washona. Ukuta wa boma kubwa una mzunguko wa mita 250 hivi na mahali pengine unafika kimo cha mita 11, jiwe juu ya jiwe bila tope wala chokaa. Ndani yake kuna mnara mnene ambao watu walichimba wakitafuta hazina, wakakuta ni mawe matupu hadi katikati. Haukuwekwa ili kutunza kitu. Uliwekwa ili uonekane. Na huko imeokotwa sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, yule wa bwawa, maana dhahabu ya bara ilishukia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na kupitia Kilwa.

Kwa nini Wamisri walichora uso wa ubavuni lakini mabega yametutazama? Hawakujua kuchora? (Msomaji, Dodoma)

Walijua. Walichora kila kiungo kwa upande unaokitambulisha vizuri, kwa sababu picha ya kaburini ilikuwa kwa ajili ya marehemu, ambaye alihitaji mwili kamili huko aendako. Mkubwa wa cheo alichorwa mkubwa wa umbo. Mchoraji aliyebuni mambo yake hakusifiwa.

Nyongeza kutoka Tanga: misumari ya shaba kwenye milango ya Unguja ni ya kuzuia tembo?

Hadithi hiyo ilikuja na mlango kutoka India, ambako tembo wa vita walikuwepo. Unguja tembo ninayemjua ni lile la mnazi, na hilo halijawahi kuzuiwa na msumari.