Kabla Hamjaipigia Makofi Grafu Inayopanda

Juma lililopita mmoja wenu aliniletea ripoti ya mwezi iliyochapishwa kwa rangi na kutiwa ndani ya jalada la plastiki. Ukurasa wake wa kwanza ulitangaza kwamba duka letu la mtandaoni limepata wateja wengi katika mji wa Ashburn, jimbo la Virginia, Marekani, na kwamba ingefaa bei za mbegu na pampu za maji ziandikwe kwa dola. Nilimshukuru kwa jalada. Alipotoka nilifunga mlango nikacheka peke yangu, na nilipokwisha kucheka niliona haya, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwatangazia wakurugenzi jambo baya kuliko hilo, tena nikiwa nimevaa tai. Nawaandikia haya nyinyi mnaoanza kazi ya takwimu za tovuti hapa Kisumu, kwa kuwa nimechoka kuona makosa yangu ya zamani yakirudi mlangoni na sura mpya kila mwaka.

1. Jueni nani anaishi mahali mnapopataja. Ashburn ni mji wenye vituo vingi mno vya data. Mkiuona huo, au Boardman ya Oregon, au Council Bluffs ya Iowa, na ziara zenyewe zimedumu sekunde sifuri bila mtu kubofya chochote, basi hao si wakulima, ni mashine zinazopita kukagua kurasa. Google Analytics 4, chombo cha Google tunachohesabia wageni wa tovuti, huziondoa boti (yaani hizo programu zinazopita zenyewe) zinazojulikana bila kuulizwa, wala haikuambii imeondoa ngapi; zinazobaki ni zile zisizojulikana, na hizo ni kazi yenu kuzitenga kwa kulinganisha na kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ombi lililofika kwenye kompyuta inayohifadhi tovuti. Kosa hili lina pacha wake wa nyumbani. Mteja anayetumia simu akiwa Bungoma mara nyingi huandikwa kuwa yuko Nairobi, kwa maana anwani ya IP, namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, huonyesha mahali mtandao wa simu unapotokea kwenye intaneti, si mahali mtu aliposimama na jembe lake. Mwaka juzi mwanagenzi mmoja alimwambia meneja wa mauzo kwamba Bungoma hakuna anayetujua, na meneja, ambaye kwao ni Bungoma, hajamsamehe mpaka leo.

2. Angalieni saa. Akaunti ya Google Analytics ikifunguliwa kwa haraka hubaki na saa za Los Angeles, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea majira yao, kwa hiyo pilikapilika zetu za Jumatatu asubuhi huhesabiwa kuwa za Jumapili usiku, na mtu mwerevu huandika aya tatu kueleza kwa nini wakulima wa Nyanza hupenda kununua mbolea baada ya ibada. Rekebisheni siku ya kwanza, maana mabadiliko hayo hayagusi siku zilizokwisha pita. Na mnapoandika ripoti kwa Kiswahili, kumbukeni kwamba 9 iliyo kwenye jedwali ni saa tatu asubuhi. Nimewahi kusoma kwamba wateja wetu huamka saa tisa, nikadhani wamegoma.

3. Namba moja ikipanda na jirani zake wakabaki walipokuwa, ingieni shaka. Hili nitalieleza kwa urefu, kwa sababu gharama yake ililipwa na watu wengine.

Mwaka 2018 nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliyouza mbegu na vifaa vya kilimo kuanzia Ahero hadi Kakamega. Mwezi Januari tulibadilisha sura ya tovuti. Mimi ndiye niliyechagua picha, niliyepunguza maneno na niliyepandisha kitufe cha kuagiza kikakaa juu, kwa hiyo nilingoja matokeo kama mzazi anavyongoja mtihani wa mwanawe. Baada ya wiki mbili nilifungua Google Analytics, wakati huo ile ya zamani, nikakuta idadi ya kurasa zilizotazamwa imekaribia kuwa maradufu, na kiwango cha wageni wanaotua kwenye ukurasa mmoja na kuondoka palepale kimeshuka kutoka asilimia 60 na kitu hadi asilimia 4. Asilimia 4! Mtu mwenye uzoefu wa miezi sita tu angeinuka kitini kwa hofu. Mimi niliinuka kwa furaha, nikaenda kununua chai na mahamri ya ofisi nzima.

Katika mkutano wa mwezi niliwasha projekta nikawaonyesha wakurugenzi mistari miwili, mmoja ukipanda na mwingine ukianguka, nikasema kwamba tovuti mpya inawashika watu na haiwaachilii. Nilivikwa kilemba cha ukoka hapo hapo, nami nikakikaza vizuri kichwani. Mkurugenzi aliuliza kama bado tunahitaji matangazo yote ya redio, yale ya Kidholuo na ya Kiluhya, na mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa habari za redio maishani mwangu, nilijibu kwamba nusu yake ingeweza kuhamishiwa mtandaoni. Hiyo ilikuwa Februari. Mvua za masika huku kwetu huanza Machi.

Machi ilifika, mvua ikanyesha, na wakulima wakanunua mbegu kwa wale waliowasikia redioni. Mama mmoja wa mauzo, aliyekuwa ameketi karibu na simu ya kaunta kwa miaka mingi kuliko umri wangu kazini, aliniita akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako wa kompyuta hawana simu? Mbona hii yangu hailii?" Nilimjibu kwa maelezo marefu kuhusu safari ya mteja, kwamba siku hizi mtu hutazama mara nyingi kabla ya kununua. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akarudi kuitazama simu yake.

Ilikuwa katikati ya Aprili nilipofungua msimbo wa ukurasa kwa sababu nyingine kabisa, nikaiona tagi yetu, yaani kile kipande cha msimbo kinachoiarifu Google Analytics kila ukurasa unapofunguliwa, mara mbili. Moja ilikuwa imepachikwa na programu-jalizi, programu ndogo ya kuongezea tovuti uwezo, niliyoiweka mwaka uliotangulia. Ya pili ilikuwa kwenye kichwa cha kiolezo kipya, ule muundo unaotumiwa na kurasa zote, na fundi aliyeiweka hakuwa na kosa lolote, kwani mimi mwenyewe nilimtumia kwa baruapepe "ili isisahaulike". Kila ukurasa uliofunguliwa mara moja ulihesabiwa mara mbili, na kwa kuwa ziara yenye kurasa mbili haihesabiwi kuwa ya kutua na kuondoka, kile kiwango nilichojivunia kilikuwa kimedondoka bila mgeni yeyote kubadili mwenendo wake.

Kinachoniamsha usiku hadi leo si ile tagi. Katika jedwali lile lile kulikuwa na safu ya ziara na safu ya maagizo, zote zikiwa zimetulia kama maji ya mtungi, na mimi nilizikata nilipokuwa natengeneza picha ya mkutano kwa kuwa niliona hazina habari. Habari ilikuwa humo. Kama wageni kweli wangekuwa wanatazama kurasa maradufu kwa kupenda bidhaa, walau agizo moja lingesogea.

Nilikwenda kumwambia mkurugenzi. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama matangazo ya redio yangeweza kurudi wiki ile. Yangeweza, lakini sehemu za chini watu walikuwa wameshapanda. Sikufukuzwa kazi, ila vibarua wawili wa ghala ambao huitwa kila msimu hawakuitwa msimu ule, na mmoja wao nilikuwa nakutana naye Kondele, akinisalimia vizuri tu, kwa sababu hakujua.

Basi, mkipewa tovuti, fungueni msimbo wake, tafuteni kitambulisho cha akaunti, na mhakikishe ukurasa mmoja unatuma tukio moja. Ni kazi ya dakika tano.

4. Viungo vya WhatsApp vitieni alama, la sivyo wageni wengi wanaotoka kwenye vikundi vya wakulima wataandikwa kuwa wamekuja moja kwa moja, kana kwamba walikariri anwani yetu. Andikeni utm_source, ile alama inayotaja mgeni ametoka wapi, kwa herufi ndogo siku zote, kwani whatsapp, Whatsapp na WhatsApp kwa mfumo ni vyanzo vitatu tofauti, na msitie alama hizo kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenyewe.

5. Watu wetu wenyewe si wateja. Keshia hufungua tovuti mara arobaini kwa siku kuangalia bei. Kichujio cha kuondoa ziara za ofisi huanza katika hali ya majaribio, na kisipowashwa hakichuji kitu. Kikiwashwa, hakirudi nyuma kusafisha yaliyopita. Na anwani ya IP ya ruta ya ofisi ikibadilika, kichujio hugeuka pambo. Vivyo hivyo ukurasa wa malipo ya kadi: mteja hutoka, hulipa, hurudi, na mfumo humwandika kuwa ameletwa na kampuni ya malipo. Mmoja wenu, na anajijua, alipendekeza tuwaandikie barua ya shukrani kwa kutuletea mauzo mengi. Kampuni hiyo iwekeni kwenye orodha ya rufaa zisizotakiwa, yaani tovuti ambazo mfumo usizihesabu kuwa zimetuletea mgeni. Na fomu yoyote inayopeleka namba ya simu ya mteja ndani ya anwani ya ukurasa irekebishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa masharti ya Google hayaruhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuwajibisha.

6. Muda wa kuhifadhi data katika Google Analytics 4 huanza na miezi 2. Upandisheni hadi 14. Pakueni nakala zenu kila mwezi pia, maana toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, na mwaka uliofuata mlango wa data ya nyuma ukafungwa. Ndiyo sababu jedwali langu la 2018, lile zima lenye safu zote, nimebaki nalo kwenye karatasi tu.

Nimelibandika kwenye jalada la ndani la daftari jeusi lililo katika droo ya juu. Ndani ya daftari hilo huandikwa kila badiliko linalofanywa kwenye tovuti: tarehe, saa, kilichobadilishwa, na jina la aliyebadilisha. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa wiki tatu zilizopita, ilhali najua kiolezo kimeguswa mara mbili tangu hapo. Aliyekigusa aje aandike leo, kwa kalamu ya wino.