Skani ya mzee ikionyesha vidoa vipya, usianze kupiga simu kwanza

Nimemuuguza baba saratani ya tezi dume mwaka wa pili sasa, tuko Kayole, na natamani mtu angeniambia mapema kwamba skani ya kwanza baada ya kuanza dawa inaweza kukudanganya.

Mzee alikuwa amedungwa sindano ya homoni, ile ya kila miezi 3, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikashuka, ugali anamaliza, hata mgongo ukaacha kumsumbua usiku. Wiki kama ya 9 tukarudi skani ya mifupa, ripoti ikasema vidoa vipya 2 kwa mbavu. Wueh! Nilianza kupigia ndugu zangu simu mmoja mmoja kama tunapanga matanga, na mzee ameketi hapo kwa benchi ananiangalia tu.

Kumbe ile teknishiamu, dawa ya mionzi wanayodunga kabla ya skani ya mifupa, haitafuti saratani yenyewe, inakimbilia pale mfupa unajijenga, na mfupa unaopona pia unajijenga, tena kwa kasi, so unang'aa kwa picha kushinda mbeleni. Daktari hakugusa dawa. Alisema vidoa vipya vya wiki 12 za kwanza havihukumiwi peke yake, mpaka skani inayofuata ilete vingine 2 au zaidi juu ya hivyo. Tulirudi, hakuna kilichoongezeka. Lakini miguu ikilegea ghafla ama mkojo ukatae, hapo usingoje skani yoyote, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Kingine, beba sidii za picha za zamani kila mahali. Ripoti yetu moja iliandikwa na mtu hakuwa ameona picha za kwanza, sitaji ni wapi, kila kidoa kikawa "kipya". Na usichanganye mashine: PET ya PSMA, skani nyingine inayotafuta seli za saratani ya tezi dume zenyewe, inaona vitu vidogo sana ambavyo skani ya mifupa haiwezi, kwa hivyo ukitoka hii uende ile ukute vidoa vimekuwa vingi, hiyo haimaanishi vimezaliana. Mashine za PET ziko Aga Khan na pia ile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ila uliza bei kabla hujapanda matatu.

Siku ya skani ya mifupa, akishadungwa mnangoja kama masaa 3, anywe maji mengi na akojoe kabla ya kulala kwa mashine, kwa sababu kibofu kikijaa kinafunika nyonga. Mzee wetu aligoma ati choo ni chafu, wakarudia picha.